Nchi Iliyokosa Mafuta Machafu

Nchi ninayoisimulia siyo ya kwenu. Nalisema hili mapema, mtu asije akaanza kuchungulia dirishani kuona kama ni mtaani kwake. Nchi yenu ina viongozi wasikivu. Hawa wenzenu walikuwa na viongozi wenye masikio makubwa tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Rais wao aliitwa Mheshimiwa Mlezi, kwa sababu alikuwa ameilea nchi miaka ishirini na sita na bado haijaota meno.

Basi Mheshimiwa Mlezi alikwenda ng'ambo kwenye mkutano wa kuiokoa dunia. Alikwenda na ndege mbili, moja ya kwake na moja ya hotuba zake. Huko wenyeji wakampa zawadi ya shati. Shati jeupe, laini, la kawaida kabisa, ila mwenyeji alimnong'oneza kwamba uzi wake umetokana na mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika. Mheshimiwa Mlezi akalinusa kwapani. Halikunuka samaki. Akalinusa kwenye kola. Halikunuka vitunguu. Wakati huo rais wa visiwa fulani alikuwa jukwaani akilia kwamba bahari inakimeza kijiji cha mama yake. Mheshimiwa Mlezi akasimama akasema kwa sauti, "Na sisi tunalitaka hili!"

Ukumbi ukampigia makofi, ukidhani anazungumzia suala la bahari.

Ndege ilipopaa lilikuwa wazo. Ilipotua lilikuwa tayari ni wizara: Wizara ya Mavazi, Mafuta na Mambo Yanayofanana Nayo. Waziri wake akawa Dakta Gaudensi Mpepo. Udaktari wake ulikuwa wa nini hasa sijui, maana hakuna aliyewahi kuugua kitu hicho.

Dakta Mpepo akaenda redioni kuwaelimisha wananchi.

"Sayansi yenyewe ni nyepesi," alisema. "Mafuta machafu yanamiminwa kwenye pipa. Ndani ya pipa kuna vidudu visivyoonekana kwa macho. Vidudu vinakula mafuta, vinanenepa. Ule unene wao tunaukamua, tunaukausha, tunauyeyusha, tunausukuma kwenye matundu madogo kama ya mashine ya tambi. Unatoka uzi. Uzi unafumwa. Mnavaa."

Msikilizaji mmoja akapiga simu. "Shikamoo Mheshimiwa. Kwa hiyo Serikali itafuga vidudu?"

"Haitavifuga. Itavilea."

"Na vitakula kabla yetu, au baada yetu?"

Simu ikakatika. Simu za nchi ile zilikuwa na tabia hiyo, zikifika penye utamu zinachoka.

Mitambo ililetwa na wafadhili, pamoja na mkataba wenye sharti moja. Mafuta yatakayolishwa vidudu lazima yawe yamepikia chakula cha watu kwanza, kwa sababu kuvilisha mafuta mapya wakati watu wana njaa ni dhambi. Dakta Mpepo akatia sahihi bila kusoma. Kalamu waliyompa ilikuwa nzuri mno, angekawia wangeirudisha mfukoni.

*

Sasa tuje langoni kwa stesheni ya reli, mahali alipokaa Bi Semeni Chambuso na karai lake.

Semeni alikuwa mkaanga bagia. Miaka kumi na tisa alikaa pale pale, kwenye kiti kile kile kifupi, chini ya kibao cha bati kilichoandikwa NAMBA SABA, ambacho kabla yake kilikuwa cha mama yake. Kibao hicho ndicho kilikuwa kibali. Mwenye kibao ana lango, asiye na kibao anafukuzwa na mgambo. Ukimwondoa Semeni langoni umemwondolea chumba anacholala, sare za wanawe wawili, na hata jina, maana mji mzima ulimwita Da Semeni wa Langoni na hakuna aliyejua pengine pa kumtafuta.

Siku moja akaja Bwana Sufiani Kitojo, Afisa Mafuta Machafu wa Wilaya. Cheo chake kilikuwa na umri wa siku nne, na kofia yake ilikuwa bado na karatasi ya dukani.

"Dada, mafuta machafu yako wapi?"

"Sina, kaka'ngu."

"Huna vipi? Kutwa unakaanga. Yanakwenda wapi?"

"Yanahama kazi," Semeni akasema, akigeuza bagia. "Sikiliza nikwambie. Jumatatu ni mapya, yanapika bagia. Jumatano yameiva rangi, yanahamia kwenye mihogo. Ijumaa yanapika samaki. Yakishapita kwa samaki hayarudi tena kwenye bagia, hata uniletee mkuu wa mkoa na mkewe. Yanayobaki anachukua jirani yangu Mama Hidaya, anatia kwenye kibatari. Na tone la mwisho anapakaza bawaba za mlango, maana ule mlango wake ukifunguliwa mtaa mzima unajua nani karudi saa ngapi."

"Kwa hiyo hayafi?"

"Mafuta ya maskini yana nafasi ya kufa?"

Bwana Kitojo akaandika: *Mtuhumiwa anakiri kuwa mafuta yake hayafi.*

"Ala! Mtuhumiwa wa nini tena?"

"Usijali, dada. Fomu haina nafasi ya neno jingine."

Akala bagia mbili, akasema atalipa Serikali ikilipa, akaondoka.

Majibu yakawa hayo hayo nchi nzima. Nyumba kwa nyumba, jiko kwa jiko, maofisa walitafuta mafuta machafu wasiyaone. Baada ya mwezi mmoja walikuwa na chupa tatu. Mbili zilitoka kwenye hoteli wanakolala wageni wa Mheshimiwa Mlezi. Ya tatu ilipopelekwa maabara ikagundulika kuwa ni chai.

Dakta Mpepo akasimama bungeni.

"Waheshimiwa, taifa linakabiliwa na upungufu mkubwa wa uchafu! Nauliza, inawezekanaje? Nchi huru, yenye bendera yake, yenye wimbo wake, yenye timu yake ya mpira inayofungwa bila msaada wa mtu, ikose uchafu wake yenyewe? Tuagize uchafu kutoka nje? Mababu zetu watatutazamaje?"

Wabunge wakapiga meza. Mmoja aliyekuwa amelala akaamka akapiga meza ya jirani yake, na hiyo ikahesabiwa kuwa ni kuunga mkono mara mbili.

*

Ndipo ikazaliwa Operesheni Chafua.

Amri ilikuwa fupi. Siku ya kufungua kiwanda cha uzi, kila mkaangaji alete debe moja la mafuta machafu, limejaa mpaka shingoni. Asiyeleta ananyang'anywa kibali. Na kwa kuwa Serikali ina huruma, mafuta ya kuchafua itayatoa yenyewe. Serikali ikanunua mafuta mapya yote yaliyokuwa madukani, hata yale ya chupa ndogo, ikawagawia wakaangaji debe moja moja. Madukani kukabaki sabuni na salamu.

Bwana Kitojo alimletea Semeni debe lake kwa mkokoteni, na kijitabu cha maelekezo.

"Sharti la kwanza," akasoma, "ni marufuku kukaanga chakula."

Semeni akacheka. "Kaka'ngu, mafuta yatachafuka na nini?"

"Chakula kinakunywa mafuta. Ukikaanga chakula, debe linapungua. Hiyo ni hujuma. Utakaanga kokoto." Akamwaga nusu gunia la kokoto miguuni pake. "Kokoto haili, hainywi. Ina nidhamu."

"Mkaa je?"

"Mkaa haukuwekwa kwenye mpango. Lakini usiwe na wasiwasi, Wizara imetoa Waraka Namba Nne." Akafunua ukurasa. "Kukaanga Baridi. Unatumbukiza kokoto kwenye mafuta, unahesabu mpaka mia, unatoa, mimi nagonga muhuri. Na hapa chini: *Kwa madhumuni ya waraka huu, kokoto ni chakula.*"

"Mheshimiwa Waziri mwenyewe kazila?"

"Dada, mimi nimeleta, sikutunga." Kisha akainama, akapunguza sauti kama mtu mwenye aibu kidogo. "Ila nakwambia kwa undugu. Hiki kibao chako kina mwenyewe anayekisubiri. Madam Leokadia, shemeji yake Waziri. Ameshanunua na friji ya soda. Debe likipungua hata kikombe, lango si lako."

Semeni akaukunja mdomo, akalisogeza debe karibu na kiti chake.

*

Siku tatu alikaanga kokoto baridi. Yaani alikaa pale, mwanamke mzima, akitumbukiza mawe kwenye mafuta na kuhesabu mpaka mia, na watu wa stesheni, kama mnavyowajua, hawakumwacha salama.

"Da Semeni, za leo zimeiva?"

"Bado. Za ndani mbichi."

"Nifungie mbili za kupeleka kwa mama mkwe!"

"Mama mkwe wako ana meno? Nitampa mchanga, mlaini."

Alikuwa akicheka nao, lakini siku ya tatu treni ya bara ilichelewa kwa saa sita. Abiria wakashuka wamepauka midomo. Wakaja moja kwa moja langoni, maana wengine walikuwa wameahidiana bagia za Semeni tangu vituo vitatu nyuma. Bibi mmoja mwenye mjukuu mgongoni akanyoosha mkono wenye sarafu, akaona kilichomo kwenye karai. Aliurudisha mkono taratibu, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya wenyewe waliohama.

Semeni akamtazama. Akayatazama mafuta, safi, yametulia, yanamsubiri.

"Miaka kumi na tisa," akasema peke yake, "sijampa mtu jiwe."

Akazimwaga kokoto mtaroni. Akamtuma Mama Hidaya unga wa kunde. Mkaa akaazima kwa mchoma mahindi. Akakatakata vitunguu, akatia pilipili na chumvi, na bagia ya kwanza ilipogusa mafuta, ile sauti ya *chwaaa* ikamfanya mkuu wa stesheni atoke ofisini na tai yake mkononi.

Harufu haina adabu, haingoji barua ya mwaliko. Ikavuka reli, ikapita sokoni, ikaingia Ofisi ya Wilaya bila kupiga hodi. Robo saa baadaye Bwana Kitojo alikuwa langoni anahema.

"Da Semeni! Hii nini?"

"Kokoto."

"Mbona zina vitunguu?"

"Kokoto za kwetu ndivyo zilivyo."

Bwana Kitojo akachukua moja kwa ajili ya uchunguzi. Akachukua ya pili kuthibitisha. Ya tatu aliila kwa sababu ya kwanza na ya pili zilikuwa zimepishana kidogo chumvi. Alipofika ya tisa akakumbuka kazi yake.

"Umenivurugia kesi," akasema, akijipangusa mdomo kwa fomu. "Ushahidi wote nimeula. Kwa chakula siwezi kukushitaki." Akachungulia ndani ya debe. Mafuta yalikuwa yamebaki theluthi, tena mekundu kama chai ya rangi. "Lakini kwa upungufu nitakushitaki. Karatasi ni karatasi, dada yangu."

"Na tumbo ni tumbo, kaka yangu," Semeni akasema, akaendelea kumfungia bibi wa treni za njiani.

*

Siku ya kufungua kiwanda ilipambwa kwa puto na askari. Bendi ilipiga wimbo wa taifa mara nne kwa sababu haikuwa imejifunza mwingine. Madebe mia nne yalipangwa kwenye mistari, yamejaa, yana mihuri, yanang'aa juani.

Asubuhi ile ile Bwana Kitojo alikuwa amekifungua kibao cha Namba Saba na kumkabidhi Madam Leokadia. Madam alikuja nacho kwenye sherehe, amekipakata, anakifuta vumbi kwa ncha ya mtandio. Semeni naye alikuja, debe lake lenye theluthi kichwani, akasimama nyuma kabisa. Alikuwa amekuja kuomba. Kumwomba nani alikuwa bado hajajua.

Mtaalamu wa wafadhili, Bi Ulrika, mama mmoja mrefu asiyecheka, alitoa vipande vya karatasi.

"Tunachovya," akasema. "Ikigeuka njano, mafuta yamepikia chakula. Ikibaki buluu, ni mapya."

Akachovya debe la kwanza. Buluu. La pili, buluu. La kumi, buluu. La hamsini, buluu kama anga.

"Labda karatasi haijazoea hali ya hewa yetu," Dakta Mpepo akasema.

"Karatasi ni nzima. Haya ni mafuta mapya. Na humu ndani," akatia mkono akatoa kitu, "kuna jiwe."

"Hilo si jiwe, mama. Tazama Waraka Namba Nne."

"Mheshimiwa, vidudu havijala tangu vishuke melini. Visipokula kufikia saa nane mchana vinakufa. Vikifa, mitambo inarudi kwetu."

Mheshimiwa Mlezi akatazama saa yake. Ilikuwa saa saba na nusu. Dakta Mpepo akatazama viatu vyake. Bendi, kwa kutojua la kufanya, ikaanza wimbo wa taifa mara ya tano.

"Mie ninayo," sauti ikatoka nyuma. "Ila hayajajaa."

Watu wakampisha. Semeni akalitua debe mbele ya Bi Ulrika. Bwana Kitojo akamkonyeza arudi, akamkonyeza tena, mpaka jicho likamuuma. Bi Ulrika akachovya karatasi, na kabla hajaitoa vizuri ilikuwa njano, njano ya kiini cha yai la kienyeji.

Uwanja ukalipuka. Dakta Mpepo akanyanyua mikono juu. "Hayo ndiyo matunda ya Kukaanga Baridi!" Akainama achukue debe.

Semeni akalifunika, akalikalia.

"Mama, ondoka. Hayo ni mafuta ya Serikali."

"Mafuta ya Serikali ni yale mia nne, Mheshimiwa, mapya kabisa, na mawe yake. Haya uliyoyatolea sharti yawe machafu, uchafu wake nimeutia mie. Chukua mafuta, niachie uchafu wangu."

Mwanasheria Mkuu wa Serikali, aliyekuwa amekaa kivulini, akafikiri, akafikiri, kisha akahamia kivuli cha mbali zaidi.

"Anataka nini?" Mheshimiwa Mlezi akauliza.

"Kibao changu. Namba Saba."

"Jamani, lakini mimi nimeshakifuta vumbi!" Madam Leokadia akalalamika.

"Ahsante, mdogo wangu. Kilikuwa kimechafuka kweli. Kilete."

Saa saba na dakika hamsini. Mheshimiwa Mlezi akasema, "Mpeni." Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizopata kutoa, na mpaka leo wenyewe wanasema ndiyo iliyoeleweka.

Semeni akakipokea kibao, akakitia kwapani, ndipo akainuka. Mafuta yakamiminwa kwenye pipa. Vidudu vikala, japo sina hakika, maana havionekani. Ila pipa lilitoa povu na Bi Ulrika nusura atabasamu.

"Mama," Mheshimiwa Mlezi akamwita. "Kesho utaleta mengine kama haya?"

"Mheshimiwa, uchafu wa mafuta hauji wenyewe. Mpaka watu wale kwanza. Wape wakaangaji ruhusa wachukue haya mia nne wakapikie. Waletee mkaa, waletee unga wa kunde, waletee na walaji."

Mheshimiwa Mlezi akamgeukia Waziri. "Walaji tunao?"

Dakta Mpepo akautazama umati, mbavu kwa mbavu, mpaka nyuma kwenye ukuta.

"Wapo, Mheshimiwa," akasema. "Hao hawajawahi kutupungukia."

*

Wiki hiyo ikatoka Amri ya Kula. Kila mwananchi, bila kujali kabila, dini wala chama, atakula bagia kumi kwa siku kwa ajili ya ujenzi wa taifa. Asiyeshiba ajieleze kwa maandishi. Magari ya matangazo yakapita mitaani: "Kula ni wajibu! Jirani yako akilala njaa, toa taarifa!" Na hivyo nchi ile ikaingia katika historia kuwa ya kwanza kuwashibisha watu wake kwa bahati mbaya.

Yalikuwepo madhara. Watu walioshiba wakaanza kuulizia maji ya bomba, dawa za hospitali na lile daraja lililofunguliwa mara tatu bila kujengwa, mambo ambayo mwenye njaa huwa hana nafasi nayo. Usalama wakapendekeza bagia zipunguzwe ziwe saba. Lakini kiwanda kilikuwa kinahitaji mafuta, na aliyekitaka kiwanda alikuwa Mheshimiwa Mlezi, basi hakuna aliyethubutu kupeleka barua.

Baada ya miezi miwili nguo ya kwanza ikatoka. Ilikuwa kitambaa cha mkono, kimoja, cheupe. Kikapelekwa Ikulu juu ya sinia la fedha, kimelindwa na askari kumi na wawili. Wakati huo Mheshimiwa Mlezi alikuwa akitimiza wajibu wake wa bagia ya kumi. Akakichukua, akajifutia mdomo, akasema ni laini. Yale mafuta yaliyobaki kwenye kitambaa yakaandikwa kwenye takwimu za mwaka kuwa ni malighafi.

Na langoni? Kibao cha Namba Saba kilirudi ukutani, kimepigiliwa misumari minane pale palipotosha miwili. Foleni ilikuwa inazunguka ofisi ya tiketi. Saa nne asubuhi Bwana Kitojo akatokea na fomu mpya, maana watumishi wa Serikali walitakiwa kuwa mfano, kula mapema na kutiwa sahihi. Akapita kando ya foleni mpaka mbele.

"Da Semeni, nifungie zangu kumi upesi. Niko kazini."

Semeni hakuinua macho kwenye karai. "Foleni, kaka'ngu."

"Foleni? Dada, mimi ni Serikali!"

"Naona. Mwisho wa foleni yupo yule mama mwenye tenga la kuku. Mfuate."

Bwana Kitojo akageuka kuwatazama watu. Watu nao wakamtazama, bila haraka, kama watu waliokwisha kula jana na juzi. Bagia zikageuzwa, harufu ikampiga usoni. Akakunja fomu akaitia mfukoni, akavua kofia, akaenda kusimama nyuma ya kuku.